Siku moja maishani mwangu: Ijumaa ya kuchoma vyungu Matema

Saa 11 alfajiri. Hapa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, kabla ya chai natoka nje kuitazama Milima ya Livingstone. Wingu likiwa limelala mlimani, sichomi. Mvua ya Kyela haipigi hodi, na chungu kibichi kikinyeshewa kinarudi kuwa tope. Leo mlima uko wazi, na kesho Jumamosi ni soko la Lyulilo.

Saa 12:30. Nipo shambani kwa mjomba, nachuma majani ya mkakao. Nachukua yaliyokomaa tu. Jani changa hulegea, halichapi vizuri.

Saa 2 asubuhi. Hapa ndipo roho yangu ilipo. Sisi Wakisi tunafinyanga juu ya gae: mkono mmoja unalizungusha, mwingine unapandisha udongo. Chombo cha juzi sasa kimeshikana, ukikibonyeza kwa kucha alama inabaki lakini udongo haung'ang'anii kidole. Nalilaza jani kwa upande wa chini, kwa kuwa huko ndiko mishipa ilikotuna, kisha nalisugua kwa kokoto ya ziwani kutoka mshipa mkuu kwenda ukingoni. Nikilibandua, kila mshipa umebaki, hata tundu alilokula mdudu. Tundu hilo siligusi.

Halafu vyombo vyenye umbo la tunda la kakao. Tunda lina mifereji 10. Zamani nilikuwa nachonga minane, mpaka mkulima mmoja alipokishika chombo changu, akahesabu kwa dole gumba, akakirudisha chini kimyakimya. Tangu siku hiyo nachonga tunda lenyewe likiwa mapajani.

Bibi alinifundisha vyungu vya kupikia na mitungi. Sufuria na ndoo za plastiki zikatunyang'anya wateja, nami nikaanza mapambo. Chombo cha kwanza chenye jani Bibi alikigeuzageuza, akauliza, "Hiki kinapikia nini, mjukuu wangu?" Swali lile liliniuma miezi mingi. Baadaye nikasoma habari za Ladi Kwali wa Nigeria, mfinyanzi aliyechora mijusi, nge na nyoka kwenye mitungi, ambaye leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Nikamwonyesha Bibi mtungi wake kwenye simu. Alimtazama mjusi kwa muda mrefu, akasema, "Mkia kaupatia."

Saa 7 mchana. Wali na usipa, haraka.

Saa 8. Kwanza vyombo vya siku zilizopita, vilivyokwisha kukauka, vinaota moto mdogo, maji yaliyojificha ndani ya udongo yatoke taratibu. Yakigeuka mvuke ghafla, chombo kinapasuka. Ndipo tunavipanga juu ya kuni na kuvifunika nyasi. Ninachokiogopa zaidi ni upepo wa ziwani: ukigusa chombo chenye moto, unasikia "ta!" na wiki nzima imekwenda. Leo nimesikia mbili.

Saa 12 jioni. Majivu yamepoa. Majani yametoka mekundu, safi. Tunda moja la kakao moshi umeliganda ubavuni, doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Nililiweka pembeni, pamoja na yaliyopasuka.

Bibi akaliokota. Akaweka dole gumba juu ya doa, jeusi kama la tunda linaloanza kuoza likiwa mtini.

"Hili lingekatwa mapema lisiambukize mengine," alisema. Kisha akalikumbatia kifuani, akaingia nalo ndani. "Kesho usilipeleke sokoni."