Pikipiki inayokata umeme na kurudi: usianze na CDI

Pikipiki inazima kwenye tuta, unapiga kiki inawaka, unaipeleka kwa fundi haioneshi kitu. Hapo ndipo hela za bodaboda zinapoteketea: leo CDI (kisanduku kinachoamuru cheche ya plagi), kesho koili (inayokuza umeme wa cheche), keshokutwa betri, na ugonjwa uko palepale. Umeme unaokuja na kuondoka mara nyingi unatokana na waya au mgusano mbovu, kwa hiyo ilazimishe hitilafu ijitokeze kabla hujanunua chochote.

Anza na dereva. Inazima akikata kona, injini ikipata moto, baada ya mvua, au kwenye rasta za barabarani? Halafu muulize lililo kubwa zaidi: ikizima, honi na taa ya nyutro vinafanya kazi? Vikifa vyote, tafuta kwenye betri, fyuzi na swichi ya funguo. Vikibaki, nenda kwenye swichi ya kuzimia injini, pulsa (kihisi kinachoiambia CDI wakati wa kutoa cheche), CDI, koili na kofia ya plagi. Taa kubwa usiifanye shahidi, kwani pikipiki nyingi ndogo huilisha moja kwa moja kutoka kwenye koili za sumaku zinazozalisha umeme injini ikizunguka, injini ikilala nayo inalala.

Mahali ninapoanzia ni shingoni, pale fungu la waya linapojikunja kila usukani unapogeuka. Washa swichi, bonyeza honi, peleka usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Sauti ikikatika, fungua tepu uvute waya mmoja mmoja taratibu. Waya mzima unagoma. Uliokatika nyuzi ndani unavutika kama mpira, maana kilichobaki ni ganda tu.

Mita ukiiweka kwenye omu, yaani kupima ukinzani wa waya, inaweza kukudanganya. Inapitisha umeme mdogo sana, hivyo hata uzi mmoja uliobaki unasomeka mzima, wakati kazini hauwezi kubeba ampea zinazotakiwa. Pima volti mzigo (kitu kinachotumia umeme, kama taa) ukiwa umewashwa: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya unaoingia kwenye taa ya breki, huku breki imekanyagwa. Ikizidi nusu volti, kuna sehemu inayokula umeme njiani. Sogeza ncha soketi kwa soketi hadi uipate. Upande wa hasi, kati ya betri na injini, usikubali zaidi ya volti 0.2 taa zikiwaka. Boliti ya hasi yenye kutu inasumbua kuliko watu wanavyodhani.

Kama fyuzi ndiyo inayoungua mara mojamoja, hiyo ni shoti. Usiweke waya mtupu, utachoma fungu zima. Chomeka balbu ya volti 12, wati 35, mahali pa fyuzi, zima mizigo yote, washa funguo, tikisa waya chini ya tangi, chini ya kiti na kwenye madigadi ya nyuma. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, mkono wako uko jirani na pale ganda lilipochubuka.

Inayozima ikipata moto tu, pima pulsa palepale ilipozima, kabla haijapoa. Ikisomeka imekatika na baadaye ikarudi, umempata mgonjwa. Ikipoa kabla hujafika, umepoteza nafasi.

Chaji nayo: injini ikivuta raundi, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.8. Ikirukaruka, kagua soketi ya rektifaya (kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa kuchaji) na hasi yake kwanza.

Kwenye kurekebisha, kusokota waya na kuzungushia tepu ni kuahirisha. Kata hadi shaba ing'ae, lehemu kwa risasi, funika kwa mpira wa kubana kwa joto. Lakini kiungo kisikae kwenye mkunjo wa shingo: risasi hukakamaza waya, ukakatika pembeni yake. Hapo weka kipande kizima cha waya laini wenye nyuzi nyingi, unene uleule, kivuke shingo yote, na ukiachie ulegevu wa kutosha usukani kugeuka hadi mwisho bila kukivuta.