Nilivyochagua bawaba za kujificha kwa makabati ya jikoni

Tunakaa Kigamboni, Dar es Salaam, na upepo wa bahari unaingia jikoni moja kwa moja. Bawaba za zamani, zile bapa zinazoonekana kwa nje, zilikuwa zimeliwa na kutu hadi milango ikalala upande. Nilipoamua kuweka milango mipya ya MDF, zile mbao za nyuzi zilizoshindiliwa, ya unene wa milimita 18, nilitaka bawaba zisizoonekana mlango ukifungwa, zile zenye kikombe kinachozama ndani ya mlango. Nikampigia fundi wangu wa Keko. Hakuanza na bei wala rangi. Aliniuliza: "Dada, mlango ukifungwa unakaa wapi?"

Swali hilo ndilo lililoamua karibu kila kitu. Nilichukua tepu na daftari nikapita kabati moja baada ya jingine, na kumbe jiko moja lina majibu matatu. Mlango wa mwisho wa safu unafunika ubavu wa kabati karibu wote. Milango miwili ya katikati inagawana ubao mmoja wa milimita 18, kwa hiyo kila mmoja una haki ya kufunika kama milimita 8 tu, maana lazima ibaki nafasi ya milimita 2 hivi katikati isije ikasuguana. Na kabati la vyombo vya wageni nilitaka mlango wake uingie ndani, uwe sawa na uso wa ubavu, usifunike chochote.

Nashauri kila mtu afanye kazi hiyo ya daftari kabla ya kwenda dukani, kwa sababu dukani vitu vinafanana mno. Kwenye duka la mtaa wa Gerezani niliwekewa mezani boksi za kila aina, na karibu zote zina kikombe cha milimita 35. Ukimwambia muuzaji unataka "za 35", bado hujamwambia kitu. Kinachozitofautisha ni mkono, kile kipande kinachotoka kwenye kikombe kwenda kwenye kabati. Ulionyooka ni wa mlango unaofunika ubavu wote. Uliopinda kidogo ni wa milango inayogawana ubao. Uliopinda sana, kama shingo ya bata, ni wa mlango unaoingia ndani. Nilizishika zote tatu pamoja, nikazitazama kwa ubavu, na tangu hapo siwezi kuzichanganya.

Kuna pia pleti, kile kipande kinachofungwa kwenye ubavu wa kabati. Watu wengi huichukua yoyote iliyomo kwenye boksi, na kwa maoni yangu hilo ni kosa, kwa kuwa pleti zina vimo tofauti. Ya kimo kikubwa inausogeza mlango, na sehemu ya ubavu inayofunikwa inapungua. Milimita 2 zinaonekana chache, lakini kwenye ubao wa kati ndizo zinazoamua kama milango itapishana au itagongana.

Pembe ya kufunguka nayo niliifikiria kabati kwa kabati. Nyuzi 110 zinatosha sehemu nyingi. Ila kabati lenye droo za ndani lilihitaji zile za nyuzi 165, ili mlango uondoke kabisa njiani droo inapovutwa. Lile lililo kwenye kona ya ukuta sikuliwekea bawaba ya kufunguka sana, maana mpini ungeugonga ukuta kila siku.

Kuhusu kutu sikutaka mzaha. Bawaba nyingi ni za chuma kilichopakwa nikeli, nazo ni nzuri mahali pakavu. Chini ya sinki na karibu na dirisha nililipia za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304. Bei yake inauma, ndiyo maana sikuziweka jiko zima, lakini sehemu hizo mbili nisingekubali nyingine.

Idadi ilifuata urefu na uzito. Mlango usiozidi sentimita 90 ulipata mbili, na ule wa kabati refu la chakula, unaokaribia mita 2, ulipata nne. MDF ni nzito, na mlango mrefu wenye bawaba chache huanza kushuka mapema.

Fundi alitoboa tundu la kikombe kwanza kwenye kipande cha masalio. Ukingo wa tundu aliuacha milimita 5 kutoka ukingoni mwa mlango, na kina kikawa milimita 13, hivyo upande wa mbele ulibaki mzima. Baada ya kufunga, milango haikuwa imenyooka, na hilo ni kawaida kabisa. Skrubu ya mbele kwenye mkono inausogeza mlango kushoto au kulia, ya nyuma inauvuta ndani au kuutoa, na za pleti zinaupandisha na kuushusha. Alianza na kimo cha milango yote, ndipo akaja kwenye nafasi za katikati. Utaratibu huo naupenda, kwa sababu ukianza na nafasi utazirudia tena.

Za kujifunga taratibu nilizitaka kila mahali, lakini kwenye milango midogo myepesi bawaba mbili zenye breki zinaufanya mlango ujikokote. Hapo tuliweka moja yenye breki na moja ya kawaida, na milango inafunga vizuri bila kelele.