Mradi wa kaseti: wiki imenichosha ila kazi imesogea

Wiki hii nimechoka sana, narudi jioni macho yanauma, sitaki kusoma wala kuongea na mtu, ila kaseti za nyumbani zimeendelea kuingia kwenye laptopu. Hii kazi haikimbizwi. Kaseti ya dakika 60 inataka dakika 30 kila upande, tepu inapita kwenye hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma sauti, sentimita 4.76 kwa sekunde, mwendo uleule tangu Philips walipoileta mwaka 1963, so unakaa unasikiliza tu, na kwa mtu aliyechoka hapo pananitosha kabisa.

Kabla sijaanza nafuta hedi na ile roli ya mpira kwa pamba yenye spiriti, pamba inatoka ya kahawia, ni unga wa tepu huo. Halafu kaseti naipeleka mbele mpaka mwisho na kuirudisha, kama tepu imegandana iachie. Waya unatoka tundu la hedifoni, programu ya Audacity kwenye laptopu inarekodi, nahifadhi WAV, faili la sauti lisilobanwa, kama megabaiti 600 kwa saa. MP3 za kuwatumia ndugu baadaye.

Sasa ile ya Jumatano! Bibi anamrekodia mjomba aliyekuwa mbali, salamu kwanza, fulani kajifungua, fulani mguu bado unamsumbua, paa limeshazibwa. Hayo yote nilishasimuliwa. Ila nyuma ya sauti yake kuna mtu anafagia uani, mtoto anakohoa, mama ananiita kwa mbali, bibi anakatisha, "ngoja kwanza", halafu unasikia anatembea, ule mguu wa kushoto anauburuza kidogo. Nilikuwa nimeshausahau kabisa mwendo wake ule! Picha zake tunazo nyingi na zote amekaa.

Nikajaribu kwenye kopi kupunguza kelele, unaichagulia programu kipande chenye muungurumo mtupu inaupunguza faili zima. Muungurumo ukapungua kweli, na ufagio nao ukapotea. Basi nakala kuu zinabaki zilivyo, na pembeni naandika dakika gani nani anasikika, kwa sababu wanaozitambua hizo sauti wanazeeka na mimi nataka majina yao sasa.

Inayofuata imeng'oka kile kisponji kinachobana tepu kwenye hedi, na gamba lake limegundishwa, halina skrubu. Itabidi nilipasue taratibu tepu nihamishie gamba lingine. Hiyo nitaigusa nikishalala vizuri, mikono itulie.