Salio la oksijeni: kwa nini joto humbana samaki kuliko tunavyodhani

Muulize yeyote anayefuga samaki kwa nini wanahema maji yakipata joto, atakujibu kwamba maji ya joto hayashiki oksijeni nyingi. Hajakosea, ila ametaja sehemu ndogo ya tatizo. Maji yasiyo na chumvi, yaliyoshiba hewa kwenye usawa wa bahari, hubeba miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita kwenye 0°C, 9.1 kwenye 20°C na 7.6 kwenye 30°C. (Maji ya bahari hupungukiwa na karibu moja ya tano ya viwango hivyo.) Kutoka 20 hadi 30, basi, upungufu ni kama asilimia 17. Sasa tazama upande wa mlaji: mnyama ambaye joto la mwili wake hufuata maji huongeza kasi ya umetaboli (kazi ya mwili ya kugeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu) mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzi 10. Mahitaji yamepanda kwa asilimia 100 au zaidi. Hapo ndipo anapobanwa.

Tupige hesabu ya kufikirika. Samaki mwenye uzito wa kilo moja anahitaji miligramu 100 kwa saa kwenye 20°C, na matamvua yake yanachota nusu ya oksijeni ya maji yanayopita. Atasukuma lita 22 kwa saa. Kwenye 30°C, akihitaji miligramu 200 na kuchota nusu ileile, atasukuma lita 53. Maji ni mazito mara mamia kuliko hewa, na kuyasukuma kunakula oksijeni. Kwa hiyo sehemu ya alichokipata inarudi kulipia kazi ya kukitafuta.

F. E. J. Fry, mtafiti wa samaki wa Toronto, aliliweka jambo hili vizuri mwaka 1947, na bado sijaona namna nyepesi zaidi ya kulielewa. Kuna kima cha chini: oksijeni anayotumia mnyama aliyetulia, tumbo likiwa tupu, ili abaki hai tu. Kuna kima cha juu: kiasi kikubwa kabisa anachoweza kuvuta akikazana. Tofauti ya viwili hivyo ndiyo salio lake. Kuogelea, kumeng'enya chakula, kukua, kutengeneza mayai na kupambana na ugonjwa, vyote hukatwa kwenye salio hilo hilo.

Joto na oksijeni hulipunguza salio kwa njia tofauti. Joto hupandisha kima cha chini bila kusimama. Kima cha juu nacho hupanda mwanzoni, kisha kwa spishi nyingi hufika mahali kikagoma au kikashuka, na mara nyingi anayekwama wa kwanza ni moyo. Mapigo hufikia kikomo, baadaye huenda ovyo. Isitoshe, moyo wa samaki wengi hulishwa, wote au kwa sehemu, na damu inayorudi kutoka mwilini, yaani mabaki ya oksijeni baada ya misuli kujichukulia. Misuli ikikomba zaidi, moyo unakosa wakati ule ule unapotakiwa kufanya kazi zaidi. Himoglobini pia hulegeza mshiko wake joto likipanda: tishu hunufaika, lakini kunasa oksijeni kwenye matamvua kunakuwa kugumu pale maji yenyewe yanapokuwa na kidogo.

Upungufu wa oksijeni hufanya kinyume: hushusha kima cha juu kwanza na kuacha kima cha chini kama kilivyo, mpaka ifike kiwango cha hatari ambapo hata kubaki hai hakulipiki. Kwa sababu hiyo tangi lenye asilimia 50 ya oksijeni ambayo maji yake yangebeba yakiwa yameshiba hewa linaweza kuonekana salama kabisa. Samaki wametulia, hakuna aliyekufa, ila chakula hakigeuki nyama. Na kiwango cha hatari hakikai mahali pamoja. Hupanda pamoja na joto, kwa kuwa kima cha chini kimepanda. Mwaka 2015 mtafiti wa bahari Curtis Deutsch na wenzake waliligeuza wazo hili kuwa uwiano wa oksijeni inayopatikana na ile inayohitajika mnyama akiwa ametulia. Kwa spishi za bahari walizozichunguza, mpaka wa makazi upande wa joto ulikuwa pale uwiano ulipobaki kati ya 2 na 5. Maana yake ni kwamba mnyama huhama au kutoweka mapema, salio likiwa bado lipo lakini halitoshi kuendesha maisha.

Kuhusu vipimo: andika joto, miligramu kwa lita na asilimia, vyote vitatu. Miligramu 5 kwa lita ni asilimia 50 kwenye 15°C, lakini ni asilimia 66 kwenye 30°C. Kinachosukuma oksijeni kuvuka utando wa tamvua ni kanieneo yake, na hiyo husomeka kwenye asilimia. Miligramu zinakuambia ni maji kiasi gani lazima yasukumwe. Ripoti yenye namba moja bila joto haina kazi.

Anayetaka kupima salio lenyewe atumie chemba ya maji inayofungwa na kufunguliwa kwa zamu: ikifungwa, unasoma oksijeni inavyoshuka; ikifunguliwa, maji hubadilishwa. Ujazo wa chemba uwe mara 20 hadi 50 ya ujazo wa mnyama. Mnyime chakula saa 24 hadi 48 kutegemea spishi na joto, la sivyo utapima mmeng'enyo. Sawazisha kihisi cha oksijeni kwa nukta mbili: sifuri kwa maji yenye sodiamu salfaiti (kemikali inayomaliza oksijeni), na 100 kwa maji yaliyopulizwa hewa, yote yakiwa kwenye joto la jaribio. Weka pampu ndogo ya kuzungusha maji ndani ya chemba. Bila hiyo kihisi husoma kona moja tu, na mstari wa kushuka hutoka na vishindo.

Mfano: chemba ya lita 2, samaki wa gramu 50, kwa hiyo maji ni lita 1.95. Oksijeni imeshuka kutoka miligramu 8.0 hadi 7.6 kwa lita ndani ya dakika 10. Zidisha 0.4 kwa 1.95, upate 0.78, kwa saa ni 4.68, gawa kwa kilo 0.05, upate karibu miligramu 94 kwa kilo kwa saa. Usiruhusu oksijeni ishuke chini ya asilimia 80 kabla ya kufungua. Muda wa kubadilisha maji kwa asilimia 99 ni ujazo ukigawanywa kwa mtiririko, mara 4.6; chemba ya lita 2 yenye mtiririko wa lita 2 kwa dakika huchukua dakika 4 na nusu hivi. Wengi husafisha kwa dakika moja, kisha wanashangaa kila mzunguko unapoanzia chini zaidi ya uliotangulia.

Kima cha chini hakitoki kwenye usomaji mmoja. Rekodi usiku kucha, chukua sehemu ya chini ya vipimo vyote, mathalani kwantaili ya 0.2, yaani thamani ambayo asilimia 20 ya vipimo viko chini yake. Kwa kima cha juu, mkimbize mnyama dakika 3 hadi 5 mpaka achoke, mfungie mara moja, na utumie dakika za mwanzo kabisa. Ukichelewa dakika chache, kilele kimeshapita. Bakteria ni wezi wakubwa wa oksijeni hasa kwenye joto: pima chemba isiyo na mnyama kabla na baada, kisha toa kiasi hicho kwenye hesabu. Ukitafuta kiwango cha hatari, punguza oksijeni kwa gesi ya nitrojeni badala ya kumwacha mnyama aimalize mwenyewe, maana ndani ya chemba iliyofungwa kaboni dioksidi na amonia huchafua jibu.

Tahadhari moja kwa wanaopenda nadharia kupita kiasi: salio kubwa si lazima liwe joto bora. Lates calcarifer, wa jenasi moja na sangara, ameonyesha salio linaloendelea kupanda hadi kwenye joto ambalo mwenyewe akipewa nafasi halichagui.

Kwenye bwawa, oksijeni huwa chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Mlo mzito jioni ya siku ya joto huleta deni la mmeng'enyo saa zile zile, kwa hiyo punguza chakula hicho kabla hujanunua mashine nyingine ya kupulizia hewa. Kamba anayejivua gamba hutaka oksijeni zaidi, naye ndiye hufa kwanza. Kambare ni hesabu nyingine: huvuta hewa juu ya maji, na chemba iliyojaa maji bila nafasi ya hewa itakupa kima cha juu kisicho chake.