Siku moja maishani mwangu: mimi ni BMU, ila pia ni mkwe wa mtu

Saa 11 alfajiri niko mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, giza bado. Huku Mwanza watu wanadhani sisi BMU, kikundi cha kulinda samaki wa ziwa, tunakula mshahara wa serikali na samaki wa bure. Jamani sisi ni wavuvi wenzao, tumechaguliwa na haohao tunaowakagua, na mimi nina mtumbwi wangu ziwani.

Saa 12 mpaka saa 2 dagaa wanashuka, naandika, naandika.

Saa 2 na nusu ukatia nanga mtumbwi wa baba mkwe.

Sasa kwa sisi Wasukuma mkwe sio mtu wa kumsogelea hovyo. Nikavua kofia, "mwangaluka baba", akaitika anaangalia maji. Vijana wake wanashusha sangara, na kwa macho tu naona wengine hawafiki sentimita 50. Sheria ndio hiyo, chini ya 50 ni mtoto, hajazaa. Nikabaki najikuna na rula mkononi, maana nikipima nimemvunjia mzee heshima mbele ya vijana wake, nisipopima wale wa mtumbwi wa pembeni ambao juzi niliwakamatia sangara sita wameshashika viuno wanasubiri, na kura zao ndio zimeniweka hapa. Nikampigia mwenzangu aje apime yeye, hapatikani, kumbe yuko nyuma ya banda anakunywa chai anatuchungulia, mshenzi yule.

Nikainama. Wa kwanza 52. Wa pili 47. Wa tatu 44. Mzee akasema kwa sauti mwalo mzima usikie, "Mkwe, ukimaliza kuhesabu hao, hesabu na wale ng'ombe wangu wawili waliobaki kwako."

Kicheko hicho! Mpaka mama wa chapati. Mahari kweli sijamaliza, ila ndio pa kunidai pale jamani?

Nikaandika: 11, chini ya kipimo. Nimeandika vibaya mpaka afisa uvuvi alivyokuja akauliza hii ni 11 au 17.

Baada ya hapo saa sizikumbuki. Nyavu zangu zimechanika, nilipanga kuzishona mchana, sikushona. Mwenyekiti anataka ripoti, shemeji kapiga "umemfanyaje baba?", mke wangu kapiga mara mbili sikupokea.

Jioni nafika, mezani ugali na maharage. Maharage, sisi watu wa ziwani! Nikauliza samaki wako wapi.

"Si umewaandika wote?"

Nikanawa mikono.