Taa ya dashibodi inakupa muda gani?

Hapa Nairobi, kuanzia gereji za Industrial Area hadi maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga, swali ni lile lile: taa imewaka lakini gari linatembea vizuri, je, nitafika nyumbani? Jioni hii nalifikiria swali hilo, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba ndilo swali la maana. Watu wanajua majina ya taa. Wasichojua ni muda ambao kila taa inampa dereva kabla mambo hayajaharibika. Rangi husaidia kidogo: nyekundu ni ya kusimama, manjano ni ya kufuatilia, kijani na bluu ni za kukujulisha tu. Ila hata nyekundu zenyewe hazilingani.

Ya oili ndiyo yenye haraka kuliko zote. Ile picha ya birika lenye tone mdomoni haipimi wingi wa oili, inapima presha yake. Kwenye ubavu wa injini kuna swichi ndogo inayowasha taa presha ikishuka mno, na ikishafika hapo, krenki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) na beringi zake zinakaribia kusuguana chuma kwa chuma. Hapo hakuna cha kusema nifike Roysambu kwanza. Toka barabarani, zima injini, ngoja dakika 5 mahali tambarare, kisha chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe na ukichomoe tena. Ikiwa oili iko chini ya alama ya chini, ongeza nusu lita, pima, uongeze tena ikihitajika. Kwa injini nyingi ndogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1. Ukiwasha na taa ikazimika papo hapo, kazi inayobaki ni kutafuta oili ilikopotelea. Lakini kama kiwango ni sawa na taa imekataa kuzimika, usiendeshe, tafuta gari la kukuvuta. Huenda ni swichi tu imekufa, spea ya bei nafuu, ila hilo huthibitishwa kwa kufunga geji ya presha mahali pa swichi. Fundi anayebadilisha swichi bila kupima anacheza na injini yako. Taa ikiwa inamweka, yaani inawaka na kuzimika, kwenye kona pekee, oili imepungua na pampu inanyonya hewa. Ikiwa inamweka gari likisimama na kuzimika ukikanyaga mafuta, shuku oili iliyochakaa, pampu au beringi.

Ya joto inakupa dakika chache, na kwa Nairobi inastahili kuelezwa kwa kina. Vitz, Passo na magari mengine mengi madogo ya Japani hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu inayowaka asubuhi injini ikiwa baridi na kuzimika ikishapata moto, kisha nyekundu. Katikati hakuna kitu. Nyekundu ikiwaka, injini tayari imechemka. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 94. Feni ya rejeta, yaani kipoozeo cha maji ya injini, kwenye magari mengi huanza kuzunguka karibu na nyuzi 95. Kinachozuia maji yasichemke kabla feni haijaanza ni presha, na presha inashikwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima chenye alama ya presha ya 0.9 au 1.1 hupandisha kiwango cha kuchemka kupita nyuzi 115. Kifuniko ambacho mpira wake umekauka hakifanyi chochote, na hapo ndipo gari linalokwenda vizuri likiwa mwendoni linachemka likikwama kwenye foleni ya Mombasa Road. Watu hubadilisha thermostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta), wakabadilisha na rejeta yenyewe, kumbe kasoro ni kifuniko.

Taa hiyo nyekundu ya joto ikiwaka, zima AC, fungulia hita hadi mwisho hata kama kuna jua kali, kwa sababu hita ni rejeta ndogo ya pili, na ujivute kando. Mvuke ukitoka, zima injini mara moja. Usiguse kifuniko kabla ya nusu saa, na usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto, maana hedi, kichwa cha injini, inaweza kupasuka. Kisha angalia feni: kwenye magari mengi, ukiwasha AC feni lazima izunguke. Isipozunguka, anza na fyuzi na rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha). Jambo moja watu hawalitarajii: sensa ya joto hufanya kazi ikiwa imezama ndani ya maji. Maji yakiisha kabisa inabaki kwenye mvuke na inaweza kudanganya, taa ikazimika huku injini inaungua. Taa ikizimika yenyewe haraka hivyo, usifurahi. Na panapovuja pakishazibwa, jaza kulenti, dawa ya kupoozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, si maji ya mfereji.

Ya betri mara nyingi inakuachia nafasi ya kufika gereji, lakini kwa sharti moja. Fungua boneti uone kama mkanda upo. Kwa injini nyingi mkanda unaozungusha altaneta, kifaa kinachochaji betri, ndio unaozungusha pampu ya maji, basi ukikatika, baada ya muda mfupi utapata ile taa nyingine ya joto. Mkanda ukiwepo, zima AC, redio na kila kisicho cha lazima, na usizime injini njiani. Fundi wa umeme apime kwa mita: betri iliyotulia nzima ni volti 12.6 hivi, injini ikinguruma iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na ushee na inazidi kushuka, altaneta haichaji. Kununua betri mpya kabla ya kipimo hicho ni kutupa pesa.

Ya breki ianze na handbreki, kisha chombo cha mafuta ya breki. Ikiwaka unapoteremka kuelekea Mai Mahiu na kuzimika kwenye tambarare, mafuta yamepungua na yanaegemea upande mmoja. Mara nyingi hayakuvuja. Pedi zimelika, pistoni zimesogea nje, na mafuta yamezifuata. Ndiyo maana kuongeza mafuta bila kutazama pedi kunazima taa na kuacha tatizo. Pedali ikizama, hilo si jambo la kuongeza mafuta, usiendeshe. Ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ikiwaka peke yake inaacha breki za kawaida zikifanya kazi. Ya ABS na ya breki zikiwaka kwa pamoja, endesha polepole sana hadi gereji, kwa kuwa magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu.

Taa ya injini ya manjano ikitulia, una siku kadhaa. Ikimweka, punguza kukanyaga mafuta sasa hivi: silinda fulani haichomi, na petroli mbichi inaunguza kataliza, kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Mashine ya kusoma hitilafu ikitoa msimbo P0301, inasema silinda ya 1 haichomi, haijasema ununue koili, kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi. Hamisha koili ya 1 iende ya 2, futa msimbo, endesha. Ikirudi P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, hamisha plagi kwa njia hiyo hiyo, kisha fikiria injekta, inayonyunyiza petroli. Baada ya injini kuoshwa kwa maji ya kasi, chungulia kwanza kama maji yametuama kwenye mashimo ya plagi.

Ya airbag, mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea, haikuzuii kwenda popote, kwa hiyo hupuuzwa, na kwa gari la mkononi hufichwa. Anayenunua azungushe ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Taa zote ziwake. Za oili na betri zitabaki. Ya airbag izimike yenyewe baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa au imezibwa. Ikingoja injini iwashwe ndipo izimike pamoja na ya oili, imeunganishwa na waya wa oili, na gari hilo huenda halina airbag kabisa. Kwa gari lisilo na ujanja, taa hiyo mara nyingi huletwa na soketi ya manjano chini ya kiti, iliyolegea viti viliposukumwa mahali pa kuoshea magari, au utepe wa umeme ulio nyuma ya usukani, ambao ukikatika honi nayo hunyamaza. Kabla ya kugusa soketi hizo, toa waya wa hasi wa betri na ungoje zaidi ya sekunde 90, umeme uliobaki kwenye kompyuta ya airbag uishe.