Kuhamisha santuri za Lata kwenye kompyuta bila kuipoteza sauti yake

Katika santuri zote za Lata Mangeshkar, mwimbaji wa nyimbo za filamu za Kihindi, nilizohamisha kwenye kompyuta, iliyonipa kazi kubwa ni "Aayega Aanewala", wimbo wa filamu ya Mahal ya 1949, muziki wa Khemchand Prakash. Sauti inaanzia mbali. Wakati wa kurekodi, Lata alisimama mbali na maikrofoni, kisha akawa anaisogelea pole pole huku anaimba. Kwenye sahani iliyochakaa, sauti ile ya mbali inalingana kabisa na mchakacho wa sindano, na programu ya kuondoa kelele haijui kama mle ndani mna mtu. Inafuta vyote. Ndiyo maana siku hizi naisugua sana sahani, faili naligusa kidogo.

Santuri za mizunguko 78 kwa dakika si plastiki. Ni shelaki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, na spiriti inauyeyusha. Ukipitisha pamba yenye spiriti mara moja tu, weusi unabaki kwenye pamba, na huo weusi ndio wimbo wenyewe. Mimi natumia lita moja ya maji ya betri (yale ya kuongezea, si asidi) na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo. Brashi iwe laini, ifuate mzunguko wa mifereji, isikatishe. Karatasi ya katikati isilowe. Suuza kwa maji yale yale yasiyo na sabuni, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha simamisha sahani kivulini saa moja. Zilizokaa kabatini pwani huwa na ukungu mweupe, na hizo nazirudia mara mbili.

Jambo la pili ni sindano, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea halafu wanailaumu sahani. Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana. Unataka sindano ya mikroni (elfu ya milimita) 75 hivi, wakati ya LP, sahani za plastiki za baadaye, ni kama mikroni 18 hadi 25. Sindano ya LP inazama hadi chini ya mfereji, inakwangua vumbi, na Lata anatoka mwembamba kama anaimbia kwenye simu. Badilisha sindano tu, kichwa kinachoishika kibaki kile kile, na uzito uwe gramu 3 hadi 5. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono iache iwe pambo, maana sindano yake ya chuma ni nzito na inakula mfereji.

Kama mashine haina kasi ya 78, cheza kwa 45 kisha uongeze kasi kwa asilimia 73.3 kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Inafanya kazi vizuri, hata kwa sahani iliyopinda, ila ina mitego miwili. Mvumo wa umeme wa hezi 50 utapanda hadi karibu 87, kwa hiyo uondoe kabla ya kuongeza kasi. Pili, priampu, yaani kikuza sauti cha mashine ya santuri, imeshapunguza sauti za juu na kukuza besi kwa mkunjo wa RIAA, kanuni ya kusawazisha sauti ya sahani, na ukiongeza kasi mkunjo wote unahama. Tengua mkunjo huo kwanza kwenye programu, ongeza kasi, kisha uurudishe.

Rekodi kwa biti 24, vilele visipite −6 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), na chukua chaneli zote mbili ingawa wimbo ni wa mono, yaani wa chaneli moja. Kuta mbili za mfereji hazichakai sawa. Nasikiliza ya kushoto peke yake, ya kulia peke yake, kisha zote pamoja, na nachagua iliyo safi. Mara nyingi hatua hii inasaidia kuliko kichujio chochote.

Tundu la sahani likiwa si la katikati hasa, noti ndefu zinayumba. Ngoma inaweza kuficha hilo, Lata hafichi. "Aaja Re Pardesi" wa Madhumati (1958, muziki wa Salil Chowdhury) ndio kipimo changu, maana anaivuta sauti na kuishikilia ikiwa imenyooka. Ikitetereka, tazama mkono wa sindano: ukicheza huku na huku kila mzunguko, sahani imekaa upande. Wapo wanaopanua tundu kwa tupa ya mviringo, kidogo kidogo, kisha wanaisogeza sahani hadi mkono utulie. Nimefanya kwa sahani za kawaida. Ya nadra siigusi.

Kasi iliyokosewa kwa asilimia 6 ni nusu toni nzima. Napima kwa kinanda: sa ya wimbo, noti ya msingi katika muziki wa Kihindi, ikiangukia katikati ya vitufe viwili, kasi si sahihi. Usilinganishe na mkanda wa video wala DVD ya PAL, mfumo wa televisheni wa picha 25 kwa sekunde. Filamu ya picha 24 kwa sekunde huchezwa kwa 25, na sauti inapanda karibu asilimia 4. Wengi waliozizoea nyimbo hizi kwenye televisheni wanadhani santuri ndiyo iliyo chini.

Ndipo usafi wa faili. Milio ya mikwaruzo inaondolewa kwanza, kabla ya kichujio chochote, kwa sababu kichujio kinautandaza mlio na baadaye haushikiki tena. Ufa hugonga kila mzunguko, yaani kila sekunde 0.77, na hiyo naifuta kwa mkono, mlio mmoja mmoja. Mchakacho napunguza dB 6, sizidishi. Nilipojaribu 12 kwenye "Lag Ja Gale" (Woh Kaun Thi?, 1964, muziki wa Madan Mohan), alisikika kama anaimba ndani ya ndoo ya maji, na miisho laini ya mistari ikakatika. Kwa mwanzo wa "Aayega Aanewala" sipunguzi hata kidogo.

Upande mmoja wa santuri unabeba dakika tatu na ushei, kwa hiyo usishangae ubeti ulioko kwenye filamu kukosekana. Usiunganishe vipande viwili vya vyanzo tofauti. Weka mafaili mawili.

Jina la faili naliandika hivi: filamu, mwaka, wimbo, mtunzi wa muziki, mwimbaji. Kwa pwani yetu naongeza safu ya taarabu iliyochukua lahani hiyo, maana wapo wanaoijua kwanza kwa Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu wa Mombasa. Na ya Mahal ina neno moja zaidi: karatasi ya santuri ya kwanza haikuandikwa Lata, iliandikwa Kamini, jina la mhusika aliyeigizwa na Madhubala katika filamu. Nimeliacha kwenye maelezo ya faili, ili mwenye sahani ile mkononi akitafuta Kamini aipate.